Ni Hasira, Huzuni au Uchovu? Somo kwa Wafanyakazi

Tuseme muuguzi mjini Voi amepokea majeruhi wa barabara ya Mombasa–Nairobi usiku kucha. Asubuhi anamkaripia mwenzake kwa sababu ya faili. Akiulizwa, hujibu, "Nimekasirika tu." Huenda si hasira, bali ni huzuni ya mgonjwa aliyefariki.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer pamoja na wenzao, walichapisha kipimo kinachotenganisha mambo matatu: kuzingatia hisia, kuzielewa waziwazi, na kuzituliza. Waligundua kwamba wanaozielewa waziwazi hurudia hali yao nzuri kwa urahisi zaidi baada ya kuhuzunishwa. Kuzingatia tu hakutoshi. Mtu aweza kuwaza mchana kutwa asitulie.

Kila hisia ina dawa yake. Mchovu alale, mwenye huzuni apate wa kumsikiliza, aliyeonewa aombe kikao na msimamizi. Chai ya saa nne, hata ikiwa tamu namna gani, haiondoi uonevu.

Kabla ya kukabidhi zamu, mfanyakazi ajiulize: nahisi nini, na kimeletwa na nini? Ajibu kwa Kiswahili, Kidawida au Kitaveta, lugha yoyote inayompa neno sahihi. Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili, amwone mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu.