Udongo Unaovimba: Tuupime Kabla ya Kujenga

Vikundi vingi hujenga kwa pesa za mchango. Mnanunua simiti, mnaita fundi, mnafurahi. Masika yakipita, sakafu imeinuka katikati. Jua likiwaka, ukuta una ufa. Fundi analaumiwa, mweka hazina anasemwa. Kumbe mwenye makosa ni udongo.

Shimoni penyewe tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe, shida si kubwa. Lakini ukielekea bara, mabondeni, udongo mweusi unaonata hunywa maji ukavimba, na kiangazi hunywea ukapasuka.

Dawa tunayo tangu zamani: chokaa. Wazee wa pwani walichoma mawe ya matumbawe wakajengea nyumba na misikiti. Chokaa ikichanganywa na udongo huu, chembe ndogo hushikana zikawa kubwa, na udongo hauvimbi kama mwanzo. Baadaye, polepole, hukaza.

Tufanyeje?

1. Pimeni. Tengenezeni kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Kipakeni mafuta, jazeni tope zito, anikeni juani siku 3. Sukumeni udongo wote upande mmoja, mpime pengo. Likizidi sentimita 5, udongo huo msiuamini.

2. Rudieni kwa chokaa iliyozimwa: kikopo 1 kwa vikopo 12 vya udongo, kisha kwa 10, kisha kwa 8. Chagueni mchanganyiko wenye chokaa kidogo ambao pengo lake limepungua vizuri. Hivyo hampotezi pesa.

3. Pondeni udongo, changanyeni na chokaa na maji, funikeni siku 1 au 2. Changanyeni tena, tandazeni sentimita 15, shindilieni sana. Funikeni kwa magunia yaliyolowa siku 7. Msiwe na haraka. Chokaa haikazi upesi kama simiti.

Wengine wanauliza juu ya majivu ya makapi ya miwa yatokayo viwanda vya sukari. Ni kweli, yakiwa laini husaidia chokaa kukaza. Lakini ni msaidizi tu. Bila chokaa hayatoshi. Jaribuni kidogo kwanza.

Kazi hii yafaa chini ya sakafu na njia ya kuingilia. Kwa darasa au tangi kubwa la maji, muulizeni kwanza mhandisi wa kaunti.

Tahadhari: chokaa isiyozimwa huchemka ikipata maji, huunguza ngozi na kuharibu macho. Nunueni iliyozimwa, na hata hiyo vaeni glavu, mkinge macho. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi, kisha nendeni hospitali. Na matumbawe hai ya baharini tusiyavunje. Ni nyumba ya samaki wetu.

Maswali ya kujadiliana

- Ni majengo gani kijijini kwetu yamepasuka? Yako juu ya udongo gani?
- Nani kikundini atatengeneza kisanduku, na tutapima lini, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti?