Nilivyolishona Upya Kabati Langu la Kaskazi

Desemba iliyopita nilifika kazini mgongo umelowa wote. Nilikuwa nimesimama kwenye daladala kutoka Mbagala mpaka Posta, saa moja na nusu, nimevaa blauzi ya kijani ambayo kila anayeiona huisifu. Blauzi ile haikunyonya hata tone. Jasho lilishuka kati ya kitambaa na ngozi mpaka kiunoni, na nilipokaa kitini ikanigandia. Jioni nilifungua kabati, nikamwaga nguo zote kitandani, nikasoma lebo moja baada ya nyingine. Kati ya magauni na blauzi 23, za pamba tupu zilikuwa 4.

Sisi watu wa pwani, joto letu linakuja na kaskazi. Upepo unaanza kutoka kaskazini-mashariki mwezi wa Desemba, na mpaka Machi mchana wa Dar es Salaam unacheza kwenye nyuzi 31 na 32, hewa imejaa unyevu wa bahari. Nguo inayofaa Juni, kusi ikivuma, inaweza kukutesa Februari. Nikajiwekea sharti: sinunui nguo mpya mpaka masika. Nitakazovaa nitazishona, nitazifumua au nitazigeuza kwa mikono yangu. Nikaomba likizo ya wiki tatu, nikapanda basi kwenda Tanga kwa mama, ambaye amesuka mikeka na kushona kofia tangu usichana wake.

1. Kitambaa kwanza, mshono baadaye

Kabla sijasafiri nilimpelekea fundi wangu vitenge sita nilivyokuwa nimeviweka miaka. Nilitaka anishauri mishono. Hakuvitazama maua wala rangi. Alichomoa nyuzi mbili pembeni mwa kila kimoja, akaniambia, "Ngoja kwanza tuziulize hizi, dada." Akawasha kiberiti.

Uzi wa pamba unaungua kama karatasi. Unanuka kama karatasi, na ukiubana kati ya vidole unabaki majivu laini yanayopeperuka. Uzi wa poliesta hauungui hivyo. Unajikunja, unayeyuka, unatoa harufu ya plastiki, na ukishapoa unaacha kipunje kigumu cheusi. Katika vitenge vyangu sita, vitatu viliacha vipunje. Vyote nilikuwa nimeuziwa kwa jina la pamba.

Tangu siku hiyo nimejua kwa nini blauzi yangu ilinitesa. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake; poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho likikosa pa kuingia linabaki mwilini. Hakuna mshono, hata ungekuwa wa fundi gani, utakaorekebisha jambo hilo. Ukijaribu kipimo hiki, tumia nyuzi mbili tu, juu ya sahani, mbali na kitambaa chenyewe.

2. Dondo litoke kabla ya mkasi

Kitambaa kipya cha pamba hakilali kilivyo. Kina dondo, ndiyo maana kinasimama vizuri dukani, na dondo likitoka kitambaa kinarudi. Miaka miwili nyuma nilishonesha gauni la pamba la kunifika katikati ya muundi, bila kukiosha kitambaa kwanza. Baada ya kufuliwa mara mbili lilinipanda hadi magotini na makwapani likanibana. Nililipenda sana gauni lile, nikampa binti wa dada yangu.

Sasa kila kitambaa kinalala kwenye ndoo ya maji usiku mzima, peke yake, maana vyekundu na vya bluu huchuja. Kinaanikwa kivulini, kinapigwa pasi, ndipo mkasi unafunguliwa.

3. Khanga haikatwi popote

Mama alinifungulia sanduku lake siku ya pili. Mna khanga humo ambazo nilizijua kabla sijajua kusoma, nyingine zina maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla", ile nembo ya duka la Mombasa lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Yeye ndiye hutajwa kuwa alianza kuzitia khanga majina. Mama hasemi habari za historia. Alizitoa moja moja, akizitaja kwa matukio: hii ya harusi ya shangazi yako, hii nilinunua ulipozaliwa. Nilinyoosha mkono kwa moja ya zambarau. Akanishika kiganja. "Hiyo nilijitanda arobaini ya baba yako. Hiyo haikatwi."

Alinipa doti ya manjano na nyeusi, bado imeungana, haijawahi kuvaliwa. "Kata moja ushone. Ya pili irudi sandukuni." Sikuuliza sababu. Nadhani alitaka ile inayobaki imwoneshe mjukuu wake khanga nzima inavyokaa.

Nilikuja na wazo la gauni: khanga isimamishwe wima, ikunjwe, itobolewe shingo. Mama akanitandikia khanga sakafuni, akanionesha kwa kidole. Hili pindo, linazunguka pande zote nne. Huu mji, katikati. Hili jina, limelala chini ya mji, kwenye upande mrefu. Ukiisimamisha khanga wima, na jina linasimama wima, na anayekutazama lazima ainamishe shingo alisome. "Jina halisomwi na aliyelivaa," akasema. "Linasomwa na anayekuja nyuma yako."

Basi tukashona sketi, na khanga ikabaki imelala kama ilivyozaliwa. Ninaeleza hapa kwa kirefu kwa sababu ni nguo rahisi kuliko zote nilizowahi kushona, na sijaona inayonifaa zaidi kwa joto. Khanga moja ina urefu wa mita 1.5 hivi na kimo cha kama mita 1. Unaunganisha zile ncha mbili fupi, ukapata duara la sentimeta 150, nalo linatosha nyonga zangu za 104 na bado sketi inachezacheza. Juu unakunja upindo wa sentimeta 4 na kupitisha lastiki. Chini hukunji kitu, kwa sababu upande mrefu wa khanga ni ukingo wa kitambaa chenyewe, haufumuki. Mshono wa kuunganisha ni mmoja tu.

Huo mmoja ndio wenye maamuzi. Mama aliuweka mbele, katikati, ili jina likae nyuma katikati. Hapo pindo la kushoto na pindo la kulia yanakutana, na mbele ya sketi panashuka mstari mpana wa nakshi ya korosho nyeusi, mfano wa kitu kilichochorwa makusudi. Sentimeta 30 za chini haziungwi, mguu upate nafasi na upepo uingie.

4. Piga bandi

Mara ya kwanza kuunga mshono ule nilienda moja kwa moja kwenye cherehani ya mama, ile ya kuzungusha kwa mkono. Kitambaa cha chini kilisogea, na nilipofika mwisho korosho za pindo moja zilikuwa zimepishana na za pindo jingine kwa upana wa kidole. Nikafumua. Mama akanipa sindano na uzi mweupe: mishono mirefu, ya kushikiza tu, kisha cherehani ipite juu yake, kisha uzi mweupe uchomolewe. Dakika 10. Safari hii tofauti ilibaki ndogo, kama unene wa njiti ya kiberiti. Nikaona inatosha.

5. Ukili unasukwa ukiwa na maji

Nilitaka pia mkoba wa kubebea chakula na kitabu, badala ya ule wa ngozi ya bandia unaobanduka kila joto linapozidi. Nilidhani mkoba wa ukindu ni kazi ya siku mbili, tatu.

Ukindu hutoka kwenye makuti machanga ya mkindu. Unaanikwa juani mpaka unakuwa mweupe wa maziwa, unachanwa kwa unene mmoja, na ule unaotiwa rangi unachemshwa kwenye sufuria ya rangi. Ndipo unasukwa ukili, ule utepe mrefu mwembamba, na ukili ndio unaozungushwa na kuunganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka uwe mkeka, kapu au kofia. Mama alikuwa na ukindu tayari, uliochanwa na kutiwa rangi. Mimi nilianzia kwenye kusuka tu.

Saa ya kwanza ukindu ulinikatikia mkononi. Nilikuwa nausuka mkavu. Mama akaweka bakuli la maji karibu na paja langu, na kila baada ya miraba michache ninachovya vidole, ninapangusa, ninaendelea. Ukindu wenye maji unatii. Mkavu unapasuka kwenye mkunjo. Jambo la pili ni mkono kubana sawasawa. Nikizungumza na mtu, ukili wangu ulilegea na kupanuka. Nikinyamaza, ulibana na kuwa mwembamba. Ukiukunjua, unaona wazi mahali majirani walipoingia na mahali walipoondoka.

Ukili hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Pima yangu ya kwanza ilinichukua siku nne, na mgongo ukaniuma. Mama aliisuka yake jioni moja akisikiliza redio, bila kuitazama. Mkoba wangu ulikula pima saba, na nne kati ya hizo ni zake. Ndani nimeutia bitana ya mabaki ya kitenge, mojawapo ya vile vilivyoacha majivu laini.

Nilikuwa mtu wa kuomba kupunguziwa kwa akina mama wanaopanga makapu barabarani. Siombi tena. Nimeshakaa na kitako kimekufa ganzi kwa ajili ya utepe wa upana wa vidole viwili, na najua shilingi elfu kumi inanunua siku ngapi za mtu.

6. Nafasi kati ya nguo na mwili

Niliporudi Dar niligeukia zile pamba nne zilizosalia kabatini. Mbili zilikuwa zinabana mikono na kwapa. Fundi alizifumua ubavuni, akaongeza kipande cha mraba kwapani, ule mtindo wa kanzu, na mara moja nguo ikaanza kupumua. Bibi zetu walivaa nguo pana kwa sababu hewa lazima ipite. Dera nalo lilikuja na akili hiyohiyo, na ninasikitika kila nikiona madera mazuri yameshonwa kwa kitambaa kinachoteleza kama mfuko. Upana bila pamba ni nusu ya dawa.

7. Mitumba ya wanaume ina kitani

Sharti langu la kutonunua nguo mpya halikugusa mitumba. Pale Karume, Ilala, wanawake tunagombania fungu la magauni, na mashati ya wanaume tunayapita. Nimepata humo mashati matatu ya kitani, meupe na ya rangi ya mchanga, mapana, laini kwa kufuliwa sana. Kitani hukauka haraka kuliko pamba na hakishikamani na ngozi. Moja nimelikata mikono mpaka juu ya kiwiko, upindo nikaushona kwa mkono. Jingine nimelibadilisha vifungo. Vya plastiki nimevitoa, nikaweka vya kifuu nilivyovisugua mwenyewe kwa msasa: mkali kwanza, kisha laini, mwisho tone la mafuta ya nazi, kifuu kikang'aa rangi ya kahawa. Matundu yalitobolewa na kijana wa karakana ya mbao jirani, maana kwa msumari nilivipasua viwili.

Shati la tatu nimelishonea kola ya kufumwa. Ilikuwa kitambaa cha makochi cha mama, kimoja katika seti ya sita, kimechanika upande mmoja. Nusu yake nzima imenitosha shingo.

8. Usimwoneshe mama sketi kwa simu ukidhani hataona

Jumapili ya kwanza ya Februari niliivaa ile sketi kwenda kwenye shughuli ya jirani, na shati la kitani la mikono mifupi, na mkoba wangu begani. Saa nane mchana, jua la utosi, mgongo wangu ulikuwa mkavu. Nilimpigia mama kwa video kabla sijatoka, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya meza.

"Shikamoo mama. Tazama."

"Marahaba mwanangu. Geuka nione jina."

Nikageuka. Alilisoma polepole, kwa sauti, kama anayelisoma mara ya kwanza, akacheka kwa furaha. Nikageuka tena kumwelekea.

"Sogea karibu na simu. Zaidi. Hapo kwenye mshono." Akanyamaza kidogo. "Korosho hazijakutana."

"Ni kidogo tu, mama."

"Kidogo, naiona nikiwa Tanga."

Niliporudi kutoka kwenye shughuli usiku, nilivua sketi, nikaigeuza ndani nje, nikakaa chini ya taa na wembe, nikaanza kufumua kutoka chini. Uzi mweupe wa bandi niliuweka tayari pembeni.