Daraja la Meno la Muda Lina Siku Zake: Litunze, Kisha Urudi Kliniki

Mgonjwa akishawekewa daraja la meno la muda, pengo huzibika, tabasamu hurudi, na ni rahisi kujiona amepona. Hapo ndipo shida huanza. Kazi ya daktari bado haijaisha.

Daraja ni jino bandia, moja au zaidi, linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili za pengo. Ili likae, meno hayo huchongwa, na ganda gumu la jino likishachongwa haliroti tena. Kwa kawaida fundi wa maabara huhitaji wiki mbili au tatu kutengeneza daraja la kudumu. Lile la muda, ambalo mara nyingi ni la plastiki, huyakinga meno yaliyochongwa na kuyazuia yasisogee. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, ili daktari aweze kulitoa bila kuumiza jino.

Siku ya kwanza, usile wala kunywa chai moto kabla ganzi haijaisha, usije ukajiuma ulimi au kuungua bila kuhisi. Ufizi unaweza kuuma kidogo kwa siku chache. Sukutua kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Tafuna kwa upande wa pili. Ugali, wali, viazi, ndizi na maharagwe yaliyoiva vizuri havina neno. Mahindi choma, miwa, njugu, tofi na nyama ngumu vingoje. Miraa na muguka pia, hasa kwa wanaotafuna pamoja na chingamu: saa nyingi za kutafuna kitu kinachonata zitaling'oa daraja hilo. Na soda ifunguliwe kwa kifungulio, si kwa meno.

Wapo wanaoacha kupiga mswaki wakihofia kulitoa. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa uchafu ukikaa pembeni mwa daraja, jino lililochongwa huoza upesi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Ukitumia uzi wa meno, uchomoe kwa upande. Ukiuvuta kwa nguvu kuelekea nje ya ufizi, utatoka na daraja.

Likitoka, lioshe, liweke kwenye kikopo chenye kifuniko na upige simu kliniki siku hiyo hiyo. Usilibandike kwa gundi ya viatu wala ya vyombo, kwani ina kemikali zinazoweza kuchoma ufizi na kuharibu jino. Usilale na daraja lililolegea mdomoni. Unaweza kulimeza au likaingia kwenye njia ya hewa. Usikae bila daraja kwa siku nyingi pia. Meno yakisogea, la kudumu halitaingia, na vipimo vitachukuliwa upya kwa gharama nyingine.

Maumivu yakizidi, au ukiona usaha au uvimbe, usingoje siku ya miadi. Uvimbe ukishuka shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali mara moja, hata usiku.

Kwa wengi, kinachochelewesha kurudi ni nauli au salio la malipo. Mkazi aliyekwama hivyo aiarifu kliniki mapema badala ya kunyamaza, ili daktari aamue kama daraja la muda linahitaji kukaguliwa au kubandikwa upya wakati pesa zikitafutwa.