Vidole vya Seremala na Msumeno wa Meza

Huenda wengine wenu mtashangaa kuona msumeno katika ukurasa ambao mmezoea kusoma habari za malaria, lishe na chanjo. Lakini kidole kilichokatika hakiponi kwa vidonge, na seremala aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia amepoteza na karo ya watoto wake. Basi mwezi huu twazungumza na mafundi seremala, pamoja na wazazi ambao vijana wao wanajifunza kazi hiyo.

Msumeno wa meza ni diski yenye meno, inayozungushwa na mota na kuchomoza katikati ya meza. Katika karakana zetu nyingi haukununuliwa dukani. Umeundwa na fundi wa kuchomelea kwa mota iliyokwisha tumika, mkanda na meza ya mbao. Hilo si kosa. Shida ni kwamba mara nyingi hauna kinga, na tangu siku ulipofungwa hakuna aliyeupima tena. Wengi hudhani kupima ni kwa ajili ya mbao inyooke tu. Sivyo. Msumeno unaokata upogo ndio huohuo unaokata vidole.

Tueleze kwa nini. Diski yenye upana wa milimita 250, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia karibu kilometa 188 kwa saa. Meno ya mbele hushuka na kuikandamiza mbao mezani, lakini ya nyuma hupanda. Mbao ikibanwa dhidi ya meno ya nyuma hunyanyuliwa na kurushwa kuelekea tumbo la fundi, na mkono uliokuwa ukisukuma unajikuta hauna cha kusukuma, ukaangukia diski. Hayo yote hutokea kabla hujapepesa jicho. Ndiyo sababu tunasema usisimame nyuma ya diski moja kwa moja. Simama pembeni kidogo.

Kabla ya kupima chochote, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Tena umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe plagi papo hapo, kwa maana umeme ukirudi ghafla huku kijana anafuta vumbi mezani, mashine haitamuuliza kama yuko tayari.

Kazi kubwa ni kuiweka reli sambamba na diski. Reli ni kile chuma au ubao ulionyooka ambao mbao huegemezwa inapopasuliwa. Chagua jino moja, litie alama ya chaki, upime umbali kutoka reli hadi jino hilo likiwa mbele. Zungusha diski kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Kutumia jino moja ni muhimu, kwa sababu diski iliyopinda kidogo itakudanganya ukipima meno mawili tofauti. Vipimo viwe sawa. Kama nyuma ni pembamba kuliko mbele, mbao inabanwa, na hapo ndipo inaporushwa. Ikiwa huwezi kupata usawa kamili, afadhali nyuma pazidi kwa unene wa karatasi. Kisha kaza reli pande zote mbili, maana iliyokazwa mbele tu hutikisika.

Kwa kusimamisha diski wima, weka guni kwenye bamba lake, si kwenye meno. Halafu kata kipande cha majaribio, ugeuze nusu moja juu chini na kuzikutanisha: upenyo wowote utakaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Ukiona mbao imeungua na kuwa nyeusi, ama meno ni butu, ama reli haiko sawa. Meno butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo mkono ukiteleza huenda nayo. Urefu wa diski juu ya mbao usizidi sana. Meno yapite kidogo tu.

Mbao mbichi ni mtego mwingine. Ikishapasuliwa hujifunga yenyewe na kuibana diski. Dawa yake ni kisu cha nyuma, yaani bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski bila kuigusa, umbali usiozidi milimita 8. Liwe nene kuliko bamba la diski, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Fundi wa kuchomelea aweza kulitengeneza kwa siku moja, pamoja na kinga ya juu. Tunashangaa kuona karakana yenye redio nzuri ikakosa kipande hicho.

Sentimita 30 za mwisho sukuma kwa kijiti kirefu cha sentimita 45 au zaidi, si kwa kidole gumba. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na mvae barakoa inayobana vizuri.

Ajali ikitokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu. Kidole kilichokatika kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Nendeni nacho hospitali kubwa iliyo karibu, mwandike saa ya ajali, na mwulizeni mganga juu ya sindano ya pepopunda.