Kufumba na Kufumbua: Kutoka Sheng ya Eastlands hadi Msimbo wa Kompyuta

Utangulizi

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Makala hii inachunguza jinsi msimbo wa programu za kompyuta unavyofichwa na kufichuliwa. Tunadai kuwa mchakato huo si mgeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili, na kwamba istilahi zake tunazo tayari.

Ufumbaji

Katika karne ya 19, Edward Steere alinakili Unguja mifano ya kinyume, mchezo wa kuihamishia silabi ya mwisho ya neno mwanzoni. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama vile Kaloleni na Jericho, Sheng hutumia mbinu iyo hiyo: stori huwa risto. Neno matatu nalo hupita njia nyingine: tatu hutafsiriwa kwa Kiingereza, tukapata mathree. Asiye wa rika husikia sauti asipate maana.

Mwandishi wa programu hufanya vivyo hivyo. Tuchukue programu ya kujumlisha nauli. Jina jumlaYaNauli hugeuzwa kuwa a. Hatua za hesabu huzungushwa. Maagizo yasiyo na kazi hupachikwa. Msomaji hutatizika, ilhali kompyuta hutoa jumla ile ile.

Ufumbuaji

Hapo ndipo penye udhaifu. Fumbo likipoteza maana, programu haifanyi kazi. Likiihifadhi, mchunguzi mvumilivu ataifikia. Huingiza nauli za abiria watatu, hutazama kinachobadilika, kisha huirejeshea a jina linaloifaa. Mwanaisimu naye huisoma Sheng kwa kulinganisha miktadha. Mwaka 2003, Mbaabu na Nzuga walichapisha kamusi ya Sheng na Kiingereza, na msamiati wa vijiweni ukawekwa wazi rafuni. Hata hivyo Sheng haikufa. Vijana huendelea kubuni maneno mapya.

Ikumbukwe kuwa kufumbua si wizi daima. Waundaji wa virusi vya kompyuta hufumba msimbo wao, na wanaotulinda hawana budi kuufumbua.

Hitimisho

Kufumba huchelewesha, hakuzuii. Kwa hiyo nywila isifichwe ndani ya msimbo kwa kutegemea fumbo pekee. Kwa upande wa lugha, kauli ya kutendua imekwisha kutupa jozi kamili: kufumba na kufumbua. Tunapendekeza istilahi ufumbaji na ufumbuaji wa msimbo. Tusipozitumia darasani, tutaendelea kuamini kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza kompyuta, ilhali tatizo ni uvivu wetu.