Kava la podikasti yako ni ahadi, mdogo wangu

Kona ya leo naitoa yote kwa swali moja, kwa sababu limekuwa likirudi katika ujumbe wa wengi wenu: nimesharekodi, sauti imetoka safi, jina nimepata, sasa kava nilitengeneze vipi? Wengine mnasimulia visa vya uhalifu, wengine mnachekesha, wengine mnawasomea watoto hadithi au mnazungumza na wafanyabiashara wadogo. Podikasti zenu hazifanani hata kidogo, lakini makava mliyonitumia yanafanana kama watoto wa mama mmoja: kipaza sauti kilichochorwa katikati, hedifoni juu yake, na nyuma weusi mtupu.

Nitasema wazi kwa sababu nataka msikilizwe. Kipaza sauti hakimwambii mtu jambo lolote asilolijua. Anajua podikasti inarekodiwa kwa kipaza sauti. Anachotaka kujua ni hiki: nikikupa nusu saa yangu ndani ya daladala, nitacheka? Nitaelimika? Nitaogopa? Nitapata faraja? Kava linamjibu kabla wewe hujafungua mdomo. Ndiyo maana naliita ahadi, na ahadi haitolewi ovyo.

Kwa hiyo usianze na kompyuta. Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: mtu akimaliza kunisikiliza, atakuwa anajisikia vipi? Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, hata mbunifu hodari hawezi kukusaidia, kwa sababu atakuchorea podikasti asiyoijua. Ukiimaliza, maamuzi mengi ya rangi, picha na herufi yatakuja yenyewe.

Kila aina ina adabu yake

Tuanze na habari. Msikilizaji wa habari anataka utulivu na uhakika, maana siku yake ina makelele ya kutosha. Tazameni The Daily ya New York Times, iliyoanza mwaka 2017. Kava lake ni rangi ya buluu na ya njano zikiingiliana, pamoja na jina. Halina uso wa mwanasiasa wala moto unaowaka. Rangi zile ni za alfajiri, na kipindi chenyewe hutoka asubuhi. Sasa nyinyi mnaozungumzia siasa za kwetu, mnapoweka bendera, ngumi, nyufa na umeme kwenye kava moja, mnaahidi ugomvi. Kama mnachotoa ni uchambuzi, punguzeni.

Visa vya uhalifu ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi. Najua damu inavuta macho. Lakini nyuma ya kila kisa kuna mama aliyezika mtoto, na huenda naye ana simu kama wewe. Usiweke uso wa marehemu kwenye kava, na usimwage damu ya kuchora juu ya herufi. Podikasti ya Marekani iitwayo Criminal, iliyoanza 2014, ina mchoraji wake, Julienne Alexander, ambaye huchora picha mpya kwa kila sehemu. Mchoro unampa msikilizaji fumbo bila kuigeuza maiti kuwa tangazo. Mlango ulioachwa wazi, kiatu kimoja njiani, dirisha lenye taa usiku wa manane: hofu inatosha hapo, na heshima ya marehemu inabaki.

Hadithi za kubuni zinakuruhusu uhuru mkubwa kuliko aina zote, kwa sababu unaalika watu kwenye dunia ambayo haipo. Welcome to Night Vale, inayotoka tangu 2012, ina jicho na mwezi vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja juu ya rangi ya zambarau. Hujaambiwa hadithi ni ya nini, lakini umeshajua kuna mji wa ajabu na kuna anayekutazama. Mwandishi wa riwaya za sauti, tafuta kitu kimoja kutoka kwenye hadithi yako chenye nguvu kama hiyo. Usiwapange wahusika wote sita mstari mmoja kama bango la filamu.

Mahojiano na mazungumzo ya maisha yanahitaji uso, na uso huo ni wako. Watu watakuja kwa ajili yako, kwa hiyo wakuone unavyozungumza: ukiwa mpole, picha iwe na mwanga laini, ukiwa mcheshi, tupigie picha ya kicheko cha kweli. Achana na ile pozi ya kukunja mikono kifuani kana kwamba unagombea ubunge. Na picha ipigwe karibu, uso ujae, maana mtu aliyesimama mzima na viatu vyake huonekana kama kijiti akipunguzwa.

Vichekesho vinapenda rangi kali na herufi nono, lakini kava lisitangulie kumaliza utani. Podikasti za watoto zinachaguliwa na watu wawili: mtoto anayevutwa na mnyama mwenye macho makubwa, na mzazi anayetaka kuona mahali salama. Mridhishe kila mmoja. Ukitoa mawaidha ya dini, au ukizungumzia afya ya akili na msiba, acha nafasi tupu ya kutosha. Mtu aliyechoka moyo hatafuti kava linalompigia kelele. Na nyinyi wa biashara, nawasihi: noti zinazoruka na magari ya kifahari huahidi utajiri wa haraka. Kama unachofundisha ni kuweka hesabu za genge na kulipa mkopo kwa wakati, onyesha genge, mizani, daftari. Anayeuza nyanya akiliona kava lako atajua kwamba umemlenga yeye.

Mraba mdogo kama ukucha

Sasa vipimo, maana hapa wengi hukataliwa bila kujua sababu. Kava ni mraba kamili. Apple Podcasts wanataka lisipungue pikseli 1400 kwa 1400 na lisizidi 3000 kwa 3000, liwe JPEG au PNG, katika mfumo wa rangi wa RGB. Tengeneza kwa 3000, utakuwa umetosheleza karibu kila jukwaa. Usichukue picha ndogo ya WhatsApp ukaivuta ifike huko. Itatoka na ukungu.

Lakini hakuna msikilizaji atakayeliona kwa ukubwa huo. Kwenye orodha ya simu, kava lako linakuwa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo kila rasimu itume kwenye simu yako, ipunguze hadi ukubwa huo, kisha nyoosha mkono. Unasoma jina? Unatambua picha? Kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa herufi zimepotelea kwenye mandhari, rangi zako zilikuwa zinakudanganya. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kurahisisha usomaji wa maudhui ya mtandaoni kwa kila mtu, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kuna vipimo vya bure mtandaoni, unaweka rangi mbili vinakupa jibu. Mwenye macho hafifu atakushukuru, na hata mwenye macho mazima anayesoma juani.

Kumbuka pia kwamba Spotify na programu nyingi zina mandhari meusi. Kava jeusi likiwekwa juu ya weusi, kingo zake zinapotea, na wewe unapotea nalo. Pia majukwaa hukata pembe za mraba ziwe za mviringo, basi usibane neno wala nembo kwenye kona.

Anayetaka kujifunza kuutumia mraba asiende mbali. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972, akichora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba. Tazama kazi zake: mnyama mmoja, mkubwa, amejaza kibao kuanzia ukingo hadi ukingo, na nyuma yake rangi chache zilizotulia. Ukiwa ng'ambo ya barabara unamjua chui. Hicho ndicho kipimo cha kava zuri.

Jina na herufi

Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. Jina kama Mazungumzo ya Wajasiriamali ukilipanga mstari mmoja linakuwa uzi mwembamba usiosomeka. Ligawe katika mistari, lile neno linalobeba podikasti liwe kubwa sana, mengine yawe madogo. Usilikate neno katikati kwa kistari. Kaulimbiu, majina ya wageni na namba ya simu viondoe. Jina la podikasti na la mtangazaji huandikwa na programu pembeni ya kava. Fonti moja inatosha, mbili ukilazimika. Zile za Google Fonts ni za bure na leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara.

Haki za watu

Picha uliyoikuta mtandaoni ina mwenyewe. Tumia uliyopiga, uliyonunua, au iliyoko Unsplash na Pexels, ambako leseni inakuruhusu. Violezo vya Canva vinafaa kwa kuanzia, lakini kiolezo ulichokipenda wewe wamekipenda na wengine, na huwezi kukisajili kama alama yako ya biashara. Kibadilishe mpaka kiwe na jambo lako.

Uso wa mtu nao ni mali yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza faini mkahawa uliotumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukimweka mgeni wako kwenye kava, pata kibali chake kwa maandishi. Yule bibi muuza vitumbua uliyempiga picha sokoni muombe ruhusa kwa lugha anayoielewa, na umwambie itatumika wapi.

Ukimpa kazi mbunifu

Usimwambie tu akutengenezee kitu kikali. Mpe sentensi yako, mpe sehemu moja aisikilize, muonyeshe makava matatu ya aina yako unayoyapenda na umweleze kwa nini. Kubalianeni kwa maandishi: bei, idadi ya marekebisho, siku ya kukabidhi, nani anamiliki kazi, na kwamba utapewa faili asilia inayoweza kuhaririwa, si JPEG peke yake. Mlipe malipo ya awali. Kuahidi kutangaza jina lake si malipo. Naye ana kodi ya nyumba.

Kama huna fedha leo, fanya hivi: mandhari ya rangi moja, jina kwa herufi nono, picha moja uliyopiga mwenyewe mchana dirishani. Kava hilo litashinda lenye madoido kumi, ilimradi ni la kweli kwa unachokisema.

Kabla ya kulipandisha, waonyeshe watu wasiokujua vizuri, bila kuwaeleza chochote, uwaulize hii ni podikasti ya nini. Usijitetee, andika majibu yao. Wakisema vichekesho na wewe unazungumzia talaka, rudi mezani. Wakikaribia sentensi yako, funga kazi na uache kulibadilisha kila mwezi, kwa sababu wasikilizaji hukuzoea kwa macho na hukutafuta kwa rangi yako. Nguvu zinazobaki zipeleke kwenye sehemu inayofuata, maana aliyelibonyeza kava lako amekuamini, na sasa anasubiri ulichomuahidi.