Kunywa kwa Kiasi

Katika sharika zetu za Kilimanjaro twaulizwa mara nyingi: Mkristo asiyelewa, anywaye kata moja tu ya mbege, ana kosa gani? Wengine humtaja Timotheo, aliyeshauriwa na Mtume Paulo kutumia mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Tim. 5:23). Ni kweli, lakini Timotheo alikuwa mgonjwa, wala hakualikwa karamuni.

Hapa hatuneni habari ya ulevi, maana dhambi hiyo yajulikana. Twanena habari ya mwili. Hapo zamani hata madaktari wengi walidhani ya kuwa kinywaji kidogo huufaa moyo. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa hakuna kipimo cha pombe kisicho na hatari. Kileo kikiisha kunywewa, ini hukigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, nayo huharibu chembe za mwili. Ndipo huweza kuzuka saratani ya kinywa, ya koo, ya ini, hata ya matiti. Anywaye kidogo hatari yake ni ndogo, lakini ipo. Wala ndizi na ulezi havibadili neno hili: kileo cha mbege ni kile kile cha chupa ya dukani.

Mama mwenye mimba asionje kabisa, kwa kuwa kileo hupita katika damu yake kumfikia mtoto. Akiletewa kata na mama mkwe, ambaye si rahisi kumkatalia, mzee wa kanisa aliye karibu na aseme kwa ajili yake, aletewe maziwa.